Injini za Pikapu za Zamani: Uimara Wake, na Ipi Inaweza Kuchukua Nafasi ya Ipi

Pikapu iliyotengenezwa katika miaka ya 1980 au 1990 mara nyingi hufikia umri ambao chasi yake bado ni imara, springi zake bado zinabeba, na hata bodi inavumilika, ilhali injini imeanza kula oili, kutoa moshi na kuchelewa kuwaka asubuhi. Hapo mwenye gari hujikuta na njia nne: kuifungua injini ile ile na kuifanyia matengenezo makubwa, kununua nyingine ya aina hiyo hiyo iliyotumika, kuweka ndugu yake mwenye ujazo mkubwa zaidi, au kutafuta injini ya ukoo mwingine kabisa. Njia tatu za kwanza nimezipitia kwa fedha zangu mwenyewe, na ya nne nimeishuhudia kwa karibu vya kutosha kuiogopa. Tathmini hii inahusu injini zinazokutwa zaidi chini ya boneti za pikapu za tani moja, yaani zile za Toyota, Nissan, Isuzu na Mitsubishi, na kipimo ninachokitumia si nguvu za farasi, bali ni wingi wa vitu vitakavyolazimika kubadilishwa ili injini hiyo ikae, ipoe na iendelee kupata vipuri.

Nianze na ya petroli, kwa sababu habari yake ni fupi. 22R ya Toyota, yenye silinda nne na sentimita za ujazo 2,366, iliingia mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikiwa na kabureta, na baadaye ikapata toleo la 22R-E linalopuliza petroli kwa nozeli. Bloku yake ya chuma cha kusubu ni ngumu kuchoka, na udhaifu wake mkubwa unajulikana: mwaka 1983 cheni ya taimingi (inayounganisha mzunguko wa krenki na ufunguaji wa valvu) ya safu mbili iliachwa, ikawekwa ya safu moja inayoongozwa na vipande vya plastiki. Plastiki hiyo hukakamaa kwa umri na kuvunjika, kisha cheni iliyolegea huanza kusugua kifuniko cha mbele mpaka itoboe njia ya maji. Maji yakishaingia kwenye oili, beringi za krenki hazina maisha tena. Dalili yake ni mkwaruzo unaosikika upande wa mbele wakati injini inawashwa ikiwa baridi. Kwa maoni yangu 22R haihitaji mrithi. Inahitaji kufunguliwa mbele, kuwekewa cheni mpya yenye miongozo ya chuma, na kurudishwa kazini.

Kwa upande wa dizeli, ukoo wa L wa Toyota unastahili kukaliwa kwa muda mrefu kuliko mingine, kwa sababu ndio unaoonyesha vizuri zaidi maana ya kubadilisha injini bila kulibadilisha gari. 2L ina sentimita za ujazo 2,446, 3L ina 2,779 na 5L ina 2,986. Ukitazama vipimo vya ndani utaona jinsi wahandisi walivyotanua kitu kile kile badala ya kuunda kipya: katika 3L pistoni husafiri milimita 96, na katika 5L husafiri milimita 96 zile zile, ila kipenyo cha silinda kimeongezwa kutoka milimita 96 hadi 99.5. Zote zina kamshafti moja (shafti inayofungua valvu) juu, valvu nane, mkanda wa taimingi, na, katika matoleo ya kawaida, pampu ya dizeli inayofanya kazi bila kompyuta. Matokeo yake ni kwamba 5L hukaa kwenye maunti (vishikio vya injini kwenye chasi) za 2L, hupokea gia boksi ile ile, na huunganishwa na waya zile zile chache za stata, altaneta, hita plagi, swichi ya kuzimia pampu, na vipima joto na oili. Hakuna kitu cha kuchomelea kwenye chasi, na gari likishafungwa boneti mtu asiyejua hawezi kuona kwamba kuna kilichobadilika.

Hata hivyo, neno "hukaa" lisichukuliwe juu juu. Injini nyingi za ukoo huu zinazouzwa zikiwa zimetumika hutoka kwenye magari ya Hiace, ambako injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini), bomba la kunyonyea oili, vishikio vya maunti na manifoldi ya ekzosi vinaweza kuwa na umbo lisilokubaliana na nafasi iliyopo kwenye pikapu. Dawa yake ni kuvitoa vitu hivyo kwenye injini ya zamani na kuvihamishia kwenye mpya, jambo ambalo haliwezekani ikiwa ya zamani imeshauzwa kama chuma chakavu siku ile ile iliposhushwa. Pampu nayo ifuatane na injini yake: 5L iliyofungiwa pampu ya 2L isiyopimwa upya hupewa dizeli pungufu, na mwenye gari hubaki akijiuliza nguvu alizolipia zimekwenda wapi. Anayeuziwa 5L-E ajue kwamba herufi hiyo ya mwisho inamaanisha pampu inayoendeshwa kwa umeme na kompyuta yake. Wengi huing'oa wakaweka ya kawaida ya 5L, na hiyo ni kazi inayojulikana, lakini gharama yake iingizwe kwenye mapatano kabla ya kulipa, si baada ya hapo.

Udhaifu halisi wa ukoo huu uko kwenye silindahedi, yaani kipande kinachofunika silinda kwa juu na kubeba valvu. Dizeli katika injini hizi huanza kuungua ndani ya chumba kidogo kilichochongwa kwenye hedi, si juu ya pistoni moja kwa moja, na ndiyo maana huunguruma kwa upole na hukubali mgandamizo wa karibu 22 kwa 1. Lakini ndiyo maana vilevile hedi hupokea joto jingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Injini ikikosa maji kwa dakika chache tu, nyufa nyembamba hujitokeza kati ya valvu na valvu. 2L-T na 2L-TE ziliongezewa turbo inayosukuma hewa zaidi ndani ya silinda, yaani joto zaidi lilipelekwa pale pale lilipokuwa tayari ni tatizo, na sifa yao ya kupasua hedi haikutokana na uvumi. Kwa mtu mwenye 2L-T iliyopasuka, 5L isiyo na turbo ni hatua ya mbele ingawa takwimu za nguvu haziliungi mkono sana jambo hilo. Jambo jingine dogo lakini la thamani ni ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi, ambayo huwaka kwa kuhesabu kilomita za gari, kwa kawaida kila baada ya kilomita 100,000. Injini ikishabadilishwa, taa hiyo inahesabu maisha ya mkanda ambao haupo tena. Mkanda mpya na rola yake viwekwe injini ikiwa bado iko chini, na kilomita za siku hiyo ziandikwe.

Hapa niingize kisa changu, kwa kuwa kimenifundisha zaidi ya yote niliyoyasoma. Pikapu niliyokuwa nayo kabla ya niliyonayo sasa niliibadilisha injini nikaweka nyingine ya aina ile ile, na katika kubana matumizi nilikubaliana na fundi kwamba rejeta ya zamani "bado inafaa" kwa sababu haikuwa ikivuja. Hedi ya injini hiyo ya pili ilipasuka kabla ya mwaka kuisha. Rejeta ilipokuja kukatwa, zaidi ya theluthi ya mirija yake ilikuwa imeziba kwa kutu na magadi, na themostati ilikuwa ya tangu enzi za injini ya kwanza. Nililoelewa kwa kuchelewa ni kwamba injini ya kwanza nayo haikufa kwa uzee. Iliuawa na rejeta, kisha nikamletea muuaji yule yule mhanga mwingine. Tangu hapo sikubali injini ishuke mahali pake kabla rejeta, kifuniko chake, mipira ya maji, themostati na pampu ya maji havijabadilishwa au kukaguliwa kimoja kimoja, na feni kupimwa kama bado inavuta hewa inavyopaswa. Vitu hivyo vyote kwa pamoja hugharimu sehemu ndogo tu ya gharama ya injini.

Nissan ilifuata njia nyingine, na kwa upande wa uimara peke yake ninaiweka mbele. TD27, yenye sentimita za ujazo 2,663, haina mkanda wala cheni: kamshafti yake iko ndani ya bloku, inazungushwa na gia, na valvu husukumwa na vijiti virefu. Gia haikatiki ghafla kama mkanda, na kwa sababu hiyo uzembe wa mwenye gari hausababishi maafa ya papo kwa papo. Malipo ya uimara huo ni uzito, kelele na uvivu; TD27 haipendi kukimbizwa, na anayeilazimisha kukimbia hujikuta anachemsha maji, kisha hedi yake nayo hupasuka kama ya mwingine yeyote, kwa maana nayo huunguza dizeli katika chumba cha pembeni. TD25 ni mdogo wake, na pistoni za zote mbili husafiri milimita 92, ilhali QD32 ya sentimita za ujazo 3,153 ndiyo kaka mkubwa, ikiwa na mwendo wa pistoni wa milimita 102 na mvuto wa chini unaohisika mara moja gari likiwa limebeba mzigo. Ushauri wangu kwa mwenye TD27 ni kuifungua na kuitengeneza, kwa kuwa bloku yake inastahimili kuchongwa silinda na kuwekewa pistoni za saizi ya juu. Atakayechagua QD32 ahakikishe amepata ile yenye pampu ya kawaida, kwa sababu matoleo yenye pampu ya umeme yapo na kwa nje yanafanana nayo.

4JA1 na 4JB1 za Isuzu zinatofautiana na zote zilizotangulia katika jambo moja la msingi: dizeli hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Faida zake ni tatu na zote zinaonekana mfukoni. Joto linalopotelea kwenye maji ni pungufu, hivyo dizeli hutumika kwa uangalifu zaidi. Injini huwaka kwa urahisi asubuhi ingawa mgandamizo wake ni wa karibu 18 kwa 1 tu. Na hedi haibebi adhabu ile inayobebwa na hedi za 2L na TD27. Hasara yake ni mlio mkali wa kugonga ambao mgeni huudhania kuwa ubovu. Kati ya hizo mbili, kipenyo cha silinda ni kile kile cha milimita 93, na tofauti ni mwendo wa pistoni tu, milimita 92 kwa 102, zinazofanya ujazo uwe 2,499 kwa moja na 2,771 kwa nyingine. Kumhamisha mtu kutoka 4JA1 kwenda 4JB1 kwa hiyo ni sawa na kumtoa kwenye 2L kwenda 5L, kwa mapungufu yale yale ya sampu na vishikio. Muundo wa 4JB1 umetengenezwa pia China kwa miaka mingi, na vipuri vyake ni vingi kiasi kwamba kazi si kuvipata bali ni kuvichagua: pistoni na ringi mbili zenye sura moja zinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa. Mnunuzi achunguze vilevile kama injini anayopewa inaendeshwa kwa gia au kwa mkanda wa taimingi, kwa kuwa zipo za namna zote mbili.

Kuhusu 4D56 ya Mitsubishi, yenye sentimita za ujazo 2,477 na iliyotumiwa pia na Hyundai kwa jina la D4BH, nina heshima ya tahadhari. Ni laini, ni nyepesi kuliko TD27, na yenye turbo huvuta vizuri. Lakini ina mikanda miwili, mmoja wa taimingi na mwingine mdogo wa shafti za kupunguza mtetemo, na huo mdogo ukikatika vipande vyake huweza kuingia kwenye mkubwa na kuuvua. Kuna watu huutoa mkanda mdogo kwa makusudi na kuvumilia mtetemo. Mimi ningebadilisha yote miwili pamoja kabla ya wakati wake. Kuiweka 4D56 mahali pa injini ya kampuni nyingine sioni sababu. Kuitunza mahali ilipozaliwa, naiona.

Tukifika kwenye injini za turbo zenye kompyuta, mjadala hubadilika kutoka spana hadi waya. 1KZ-TE na 1KD-FTV za Toyota zina ujazo mmoja wa sentimita 2,982, na kila moja inaipita 5L kwa mbali katika mvuto, ingawa ujazo wao ni karibu sawa na wake. Anayeendesha pikapu yenye mojawapo baada ya kuzoea 2L huhisi kana kwamba gari limeshushwa mzigo. Lakini 1KZ-TE ina hedi ya alumini isiyosamehe joto, na 1KD-FTV hupuliza dizeli kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,000 kupitia nozeli ambazo tone la maji au vumbi lisiloonekana kwa macho linatosha kuziharibu. Katika 1KD kuna tatizo jingine la kimyakimya: washa za shaba zilizo chini ya nozeli zikianza kuvujisha, masizi huingia kwenye oili, huganda, na huziba wavu wa kunyonyea oili ulio ndani ya sampu, kisha turbo na beringi hufa kwa kiu huku kipimo cha oili kikionyesha kwamba oili imejaa. Matoleo ya mwanzo ya YD25 ya Nissan nayo yana cheni inayorefuka mapema kuliko inavyotarajiwa.

Ugumu wa kuziweka injini hizi kwenye pikapu ya zamani hauko kwenye maunti. Uko kwenye mtungo mzima wa waya, kompyuta inayolingana na injini hiyo hasa, ufunguo unaotambuliwa na kompyuta hiyo, kanyagio la mafuta lenye kihisio, na nafasi ya kibaridishi cha hewa ya turbo. Muuzaji akikupa injini bila vitu hivyo, amekuuzia nusu yake. Na fundi hodari wa kufungua injini anaweza kuwa hana kabisa mashine ya kusoma hitilafu, jambo ambalo mwenye gari hulitambua siku taa ya injini inapowaka akiwa na mzigo mgongoni.

Injini za mbali zaidi nitazipitia haraka. V8 ya Chevrolet iliyoanza mwaka 1955 ni maarufu Marekani kwa kubadilishwa kwa sababu matundu ya kufungia gia boksi yalibaki karibu yale yale kwa miongo kadhaa, na hilo ni somo lile lile la ukoo wa L katika umbo kubwa zaidi. Dizeli ya Cummins ya lita 5.9, iliyoingia kwenye pikapu za Dodge za mwaka 1989, ina silinda sita, taimingi ya gia na uimara wa lori, lakini uzito wake unakaribia nusu tani, na pikapu ndogo iliyobebeshwa uzito huo mbele huinamisha springi, huchosha breki na kuharibu uendeshaji. Wapo wanaoweka 1UZ-FE, V8 ya lita nne ya Toyota iliyotoka kwenye Lexus. Sauti yake inapendeza sana. Ila ukishajumlisha sahani ya kuunganishia gia boksi, ekzosi mpya, propela iliyokatwa upya, sampu iliyobadilishwa ili ikwepe difu ya mbele, na petroli itakayonyweka baadaye, utakuta umenunua gari jingine ndani ya bodi ya zamani, na siku ukitaka kuliuza hakuna anayekubali kulilipia.

Kwa mtu anayekwenda kununua injini iliyotumika, mtihani wa kwanza ni kuikuta ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika amekuficha jambo, au hajui kwamba amelificha. Iwashwe mbele yako, kisha fungua kifuniko cha oili: mvuke kidogo si kitu, lakini ikitoa pumzi za mapigo zinazotaka kukitupa kifuniko, ringi au silinda zimechoka. Mgandamizo upimwe kwa geji kupitia matundu ya hita plagi au ya nozeli, na uangalie zaidi tofauti kati ya silinda na silinda kuliko namba yenyewe, kwa maana injini yenye silinda nne zilizochoka kwa usawa huendelea kwa muda mrefu kuliko yenye tatu nzuri na moja mbovu. Mapovu yasiyokwisha kwenye rejeta huashiria gasketi ya hedi au ufa. Tazama ndani ya mdomo wa bomba la maji. Kutu nyekundu nzito inakuambia kwamba injini hiyo ililelewa kwa maji matupu bila dawa ya kuzuia kutu, na hapo hedi ifunguliwe na kupimwa kwa shinikizo kabla ya kufungwa kwenye gari. Mwisho wa yote soma namba iliyopigwa kwenye bloku na uilinganishe na hati za muuzaji, kwa kuwa katika nchi nyingi namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari na mabadiliko yake lazima yasajiliwe. Namba iliyosagwa ni sababu tosha ya kuondoka.

Pikapu niliyonayo sasa ilizaliwa na 2L na leo ina 5L, na matarajio yangu ya awali yalikuwa makubwa kuliko haki. Kasi ya juu haikuongezeka kwa kiasi cha kutajwa, kwa sababu uwiano wa difu ni ule ule na nguvu za 5L hazivuki sana farasi 100. Ukikimbia kwenye barabara tambarare injini inalia kama ilivyokuwa ikilia ya kwanza. Klachi ya zamani ilianza kuteleza ndani ya wiki chache, nami nikailipia gia boksi kushushwa mara ya pili kwa kosa la kutoibadilisha siku ya kwanza. Kilichobadilika ni mvuto: mlima ambao zamani nikiwa na mzigo nilikuwa nikiupanda kwa gia ya pili, sasa naupanda kwa ya tatu, na sindano ya joto hubaki pale pale ilipokuwa nilipouanza.